Aina Kumi na Nne

Siku ya kwanza ya kidato cha tatu, Mwalimu wa Bayolojia aliingia darasani bila salamu, akatuamuru tutoe ndimi. Tulikuwa arobaini na wawili. Alipita kati ya madawati akituchungulia vinywani kama mnunuzi wa mbuzi mnadani, akataka kila mmoja akunje ulimi wake uwe kama mfereji. Walioweza aliwaketisha upande wa madirisha. Walioshindwa aliwaketisha upande wa ukuta, mahali bati lilipovuja.

"Hamjafanya kosa lolote," alituambia sisi wa ukutani. "Mmezaliwa hivyo. Ndiyo maana hapa hakuna rufaa."

Tulikaa hivyo miaka miwili. Mvua ikinyesha, tulifunika madaftari kwa mikono, na wenye ndimi za kukunjika walitutazama kwa huruma ya watu waliobarikiwa.

Shule yetu ilikuwa juu ya barabara ya Mwandiga, na ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, ambapo kila asubuhi ulikuta barabarani watu wapya wenye magodoro kichwani. Yeye tulimwita Mwalimu tu, ingawa walimu walikuwa tisa. Alikuwa mwembamba, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, na mfukoni mwake hamkukosekana rula fupi ya chuma na kioo cha kukuzia. Ukimwambia "Shikamoo, Mwalimu," alijibu, "Marahaba, mamalia." Ukimwuliza kwao ni wapi, alikuambia amezaliwa na mwanamke, na kwamba habari nyingine zote ni za karani. Kiingereza alikitumia kwa sababu ndicho kilichokuwa cha mtihani. Kiswahili alikitunza kwa kuumiza.

Nimekaa na watu wengi tangu wakati huo. Nimebeba mizigo Mpulungu, nimeuza nguo Kalemie, nimepika kwenye machimbo ambayo sasa hata jina sitaki kuyataja. Sijakutana na mtu aliyependa vitu viwe mahali pake kama yule. Nami nikimweleza siwezi kumwacha pembeni Skolastika, msichana aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu, kwa sababu ni somo moja la Mwalimu, na mdomo wangu, vilivyomkosesha Skolastika mtihani wa kidato cha nne.

Mwalimu alikuwa na misemo yake. "Usiniambie unadhani, niambie umehesabu." Huo tuliusikia kila siku. Mwingine ulikuwa wa viumbe: "Kiumbe hakijitaji. Kinatajwa." Alisema popo hakuombwa ushauri kabla ya kutengwa na ndege, na nyangumi hakulia alipotolewa kwa samaki, kwa hiyo na sisi tusilie.

Jumamosi moja alitupeleka Katonga, mwaloni, wavuvi wanapopakua. Wenzetu walidhani tutafundishwa migebuka na dagaa, samaki wenye maana. Yeye alienda moja kwa moja kwenye visamaki vya mawe ambavyo wavuvi huvitupa, vidogo kama kidole gumba, akavipanga juu ya jani la mgomba. Vingine vilikuwa na tumbo la njano, vingine vyekundu mgongoni, vingine vyeusi tii.

"Aina ngapi?" akauliza.

Tukasema tatu. Tukasema nne. Akatupiga sote fimbo moja moja kwenye vidole, kisha akatuamuru tuhesabu miiba ya pezi la mgongoni. Ilikuwa sawa kwa vyote.

"Ni aina moja," alisema. "Huyu wa njano anaishi mawe yale kule. Huyu mwekundu anaishi mawe yale mengine. Katikati pana mchanga, na kisamaki cha mawe hakivuki mchanga, kinaogopa kuliwa. Basi kila kundi limekaa kwenye jiwe lake likajitia rangi na kujiona taifa."

Mama mmoja muuza migebuka alikuwa amesimama na beseni lake anatusikiliza. Akamwambia, "Mwalimu, wenzako tunachagua samaki kwa kumla. Wewe unamchagua kwa kumwaibisha."

"Ni kazi yangu, mama."

"Haya, na mimi niweke. Mimi wa kundi gani?"

Mwalimu akamtazama kuanzia kilemba hadi kandambili. "Mamalia. Ila sauti umeazima kwa kunguru."

Mwalo mzima ulicheka. Yule mama akamrushia magamba ya samaki kiganja kizima, yakamganda usoni na kwenye ile kola iliyofungwa. Hakuyafuta. Aliendelea kufundisha na magamba yakimeta shavuni, na hakuna aliyethubutu kucheka tena.

Darasani kwetu alikuwamo kijana wa Ujiji, Musa, aliyezaliwa na vidole sita mkono wa kushoto. Kile cha sita kilikuwa kidogo, laini, kinaning'inia pembeni kama kitu kilichosahauliwa. Kila mwaka Mwalimu alimwita Musa aende kidato cha kwanza akawaonyeshe. Musa alisimama mbele ya watoto, mkono juu, Mwalimu akielekeza kwa rula. Mwaka wa nne, wakati wa likizo, Musa alikwenda kwa kinyozi mmoja, akakatwa kile kidole kwa wembe. Kidonda kilimsumbua mwezi mzima. Shule ilipofunguliwa, Mwalimu alimwita kama kawaida, akaushika ule mkono, akaugeuza, akalitazama kovu kwa kioo chake.

"Umeniharibia sampuli," akasema. "Sasa mwaka huu nitawaonyesha nini?"

Musa alilia. Wakati wa kidole kile hakuwahi kulia.

Lakini ngoja niseme na upande mwingine, maana mtu huyu hakukaa kwenye mkono mmoja. Wakati ule, wakimbizi waliotoroka kambini walikuwa wakituchotea maji shuleni kwa kubadilishana na unga. Kijana mwenzetu mmoja alimpiga teke mzee mmoja mchota maji, ndoo ikamwagika, akamwita, "We mkimbizi, aina yenu haina akili." Mwalimu alitokea maabara na fimbo. Alimchapa yule kijana sita, kwa utaratibu, akipumzika kati ya moja na nyingine.

"Unajua kosa lako?"

"Kumpiga mzee, Mwalimu."

"Hilo ni la mwalimu wa nidhamu. Kosa lako kwangu ni la kuainisha. Mkimbizi si aina. Ni hali, kama kulowana. Mtu akitoka mvuani utasema ni aina ya mtu mwenye maji?"

Skolastika alikuwa dirishani siku hiyo. Nilimwona amefumba macho, nikadhani ni kwa ajili ya fimbo.

Nyumbani kwao walikuwa wawili tu, yeye na mama yake. Walikodi shamba kwenye mteremko wa kupandia Kalinzi, na walisema wametokea upande wa Kasulu. Hakuna aliyeshangaa. Kiha na Kirundi ni kama maziwa ya ng'ombe wawili wa zizi moja. Ukizungumza polepole na kuchunga maneno machache, nani atakujua? Mama yake alizungumza polepole. Kanisani aliimba nyimbo zetu. Alifunga kanga kama mama zetu, akauza sokoni viazi kama mama zetu. Skolastika alikuwa mrefu, mcheshi wa kimya kimya, na aliniazima madaftari yake bila kuniringia, jambo ambalo lilinichoma kuliko kama angeringa. Alitaka kuwa mganga wa meno. Alisema meno hayasemi uongo.

Kisha gari la matangazo likapita. Wakimbizi wote waishio nje ya kambi warudi kambini. Mwenye nyumba anayewahifadhi ajitokeze, na anayejua walipo amwambie mwenyekiti wake. Mwenyekiti wa kitongoji chetu alikuwa baba yangu. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki sita, na kambini hapakuwa na chumba cha mtihani wa kwetu.

Wiki hiyohiyo Mwalimu alitufundisha utofauti. Alitaka kila mmoja aje na kikombe cha maharage ya mbegu kutoka nyumbani. "Si ya kupika. Ya mbegu. Na msiyachambue. Nitamjua aliyechambua."

Tulileta. Mimi nilileta ya njano, kikombe kizima cha njano, kwa sababu baba aliuza kwa wachuuzi wa mjini na mjini wanataka rangi moja. Karibu wote tulikuwa hivyo, njano au nyekundu, mmoja mmoja akiwa na punje mbili tatu zilizopotea njia. Mwalimu alipita akimimina kila kikombe kwenye sinia, akihesabu. Mimi nilipata sita juu ya ishirini. "Wewe umeniletea askari," alisema. "Nilitaka raia."

Akafika dirishani. Skolastika akamimina kikombe chake.

Sijawahi kuona sinia kama lile. Yalikuwamo ya njano ya duara na ya njano marefu, mekundu yenye mabaka meupe, meupe madogo, meusi yanayong'aa, ya zambarau, ya kijivu yenye michirizi kama mgongo wa kware, ya kahawia yenye jicho jeusi. Mwalimu aliinama. Akatoa kioo. Akaanza kuyatenga kwa ncha ya rula, punje kwa punje.

"Kumi na nne," alisema. "Aina kumi na nne katika kikombe kimoja. Na hazikuanguka humu kwa bahati. Tazameni, ya mvua nyingi na ya jua kali yanakaribia kulingana. Hili la kupanda juu ya mti liko kidogo, hili fupi liko jingi. Kila msimu kuna mkono unaongeza huku na kupunguza kule. Mvua ikizidi, haya yatakufa na yale yataishi. Jua likizidi, kinyume chake. Nyumba hii haitalala njaa." Akanyoosha mgongo. "Nani anapanda hivi kwenu?"

"Mama, Mwalimu." Alikuwa anatabasamu. Hata mimi nilimwona anatabasamu, maskini, kwa fahari.

"Mama yako ni mwanasayansi kunizidi. Ishirini juu ya ishirini. Sijawahi kuitoa." Kisha akaligeukia darasa, kwa sababu somo lilikuwa halijaisha. "Sasa sikilizeni. Mbegu ina kwao. Hizi nne nazijua, ziko Kigoma yote. Hizi kumi, upande huu hazimo. Na mchanganyiko huu wa kupimwa kwa mkono ni kazi ya wakulima wa milima ya Burundi. Mkulima anaweza kuacha nyumba, akaacha ng'ombe, akaacha jina. Mbegu ataifunga kiunoni."

Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe!"

Skolastika alikuwa bado ameshika kikombe kitupu. Lugha walikuwa wameichunga, na nyimbo, na mavazi. Haikuwapitia akilini kwamba maharage nayo yangesema.

Mwalimu akatutazama. "Kumbe nini? Nimetaja mbegu. Sikumtaja mtu."

Mchana ule nilifika nyumbani nikamkuta baba anaunga waya wa redio. Nilimsimulia huku nikicheka. Sitajisafisha. Nilikuwa na sita na yeye ishirini, na nilitaka ile ishirini iwe kitu cha kuchekesha. Nilisema, "Kumbe yule anayetushinda kila siku si wa huku, baba. Amesalitiwa na maharage." Baba aliacha kuunga waya.

"Aina ngapi?"

"Kumi na nne."

Nikala, nikaenda kucheza mpira.

Siku ya tatu, asubuhi, lori lilipita barabarani tukiwa darasani. Wa madirishani waliinuka wote. Mimi wa ukutani sikuona kitu, nilisikia tu injini ikivuta mlima, na Musa akisema kwa sauti ndogo, "Amevaa sare. Jamani, wamemkamatia njiani, ana begi." Mwalimu aliendelea kuchora figo ubaoni. Alipomaliza aliita mahudhurio, akafika kwenye jina la Skolastika, akachukua ile rula ya chuma na kulipiga mstari mmoja ulionyooka.

"Ketini chini, nyinyi," akawaambia wa madirishani. "Figo haiko barabarani."

Siku ya mtihani, dawati lake lilikuwapo na namba yake imebandikwa. Msimamizi akaweka karatasi juu yake kama sheria ilivyotaka, ikakaa hapo saa mbili na nusu. Mimi nilifeli Bayolojia. Nikafeli na mengine, nikaanza kutembea.

Nimemwona Mwalimu mara moja tu baada ya hapo, mwaka jana. Nilishuka melini Kigoma sina mpango, nikasikia anaishi Ujiji, amepanga chumba kwa familia moja ya wafanyabiashara wa zamani. Nilimkuta barazani, shati limefungwa hadi shingoni, macho yameingia ukungu. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta mchele karibu yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Marahaba. Wewe wa ukutani. Kaa." Nikakaa. "Umenenepa. Benchi limelalamika."

"Hivyo ndivyo anavyokaribisha wageni," mama mwenye nyumba alisema bila kuinua uso. "Mimi ameniambia nina mwendo wa bata, na nyumba ni yangu."

Alimtuma mtu alete chai. Tukaongea habari za shule, nani kafa, nani kawa diwani. Nilimsubiri amtaje Skolastika, hakumtaja. Basi nikamtaja mimi. Nilimwuliza lile swali ambalo nimelala nalo kwenye nchi tatu: baada ya somo lile, ni yeye aliyewaambia?

"Alikuja baba yako," akasema. "Kesho yake, kabla ya kengele. Akasema, kijana wangu ameniletea habari ya maharage, ni kweli si ya huku? Nikamwambia ni kweli."

"Ungesema hujui."

"Nilikuwa najua."

"Mwalimu, ulituambia mkimbizi si aina. Ulimchapa mtu sita kwa ajili hiyo."

"Na bado si aina. Baba yako hakuniuliza habari za aina. Aliuliza mbegu imetoka wapi." Akanywa chai. "Swali lilikuwa sahihi, na jibu lilikuwa sahihi. Mlichofanya nalo nyinyi, ni chenu."

Mama mwenye nyumba aliacha kupepeta. Akabeba ungo wake akaingia ndani.

Mwalimu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesimulia safari nzuri, kwamba mwezi mmoja baadaye alikwenda kule kambini kwa baiskeli, siku mbili njiani. Nikafikiri alienda kumwombea Skolastika afanye mtihani. Hapana. Alienda kuomba mbegu. Zile za kikombe hazikumtosha. Alimkuta mama yake Skolastika mbele ya hema, akamweleza haja yake. Mama akasema, "Ego, Mwarimu," ndiyo, ngoja kidogo, akaingia ndani. Alikaa kitambo, akatoka akamwambia arudi kesho. Siku ya pili alimpa mfuko uliojaa, aina zote kumi na nne.

"Nilizipanda nyuma ya maabara," alisema. "Hazikuota. Siku ya tisa nikafukua, zimeoza zote. Alizichovya kwenye maji ya moto akazianika, zikarudia sura yake. Nilizitazama kwa kioo, kijana, na sikujua kwamba nimebeba maiti." Akacheka, mabega yakatikisika. "Yule alikuwa mwanamke hodari. Hodari sana."

Sikucheka naye. Nilimwuliza kama kule alimwona Skolastika mwenyewe.

"Nilimwona. Alikuwa anafundisha watoto, chini, kwa kijiti. Aliniamkia vizuri. Aliniuliza nani alipeleka habari."

Nilijua kabla hajasema. Mtu kama yule akiulizwa, hujibu. Lakini miaka yote hiyo, kila bandari niliyolala, nilijiambia kwamba angalau yeye hajui. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyomsalimu siku nikikutana naye mahali fulani, sokoni, melini, tukiwa watu wazima. Tungecheka. Angeniuliza za ndimi.

"Ukamwambia?"

"Alikuwa na swali, nilikuwa na jibu."

"Alisema nini?"

Mwalimu akafikiri. Alitaka kusema sawasawa, kama desturi yake.

"Hakusema kitu kibaya. Alikuwa mwanafunzi mzuri, yule. Darasani mlikuwa wawili wenye jina lako la kwanza, kwa hiyo aliniomba nilirudie jina lote, asije akamdhania mwenzako."

"Ukalirudia."

"Yote matatu," akasema. "Polepole, maana alikuwa anaandika."